Jina la mtoto kwenye hati ya Orlando

Mama huyu alifika ofisini kwangu, si mbali na Posta Mpya, asubuhi ya mvua mwezi Aprili 2024. Bahasha yake ya plastiki ya bluu alikuwa ameikumbatia ndani ya kanga isilowe. Ana miaka 67, muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi Houston miaka 19 na kurudi nyumbani mwaka 2016. Sasa anaishi Mbezi Beach. Tulipomaliza kusalimiana hakuzunguka. "Mwanangu, nataka watoto wangu watatu waingie kwenye hati hii kabla sijafa. Niandikie, nisaini, niende zangu."

Hati yenyewe haikuwa ya kiwanja. Ilikuwa hati ya taimshea: haki ya kukaa wiki moja kila mwaka, wiki ya 31, katika nyumba ya mapumziko ya vyumba viwili mjini Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Ameniruhusu nikieleze kisa chake bila kumtaja yeye wala kampuni iliyomuuzia, na ninakieleza kwa sababu tangu siku ile nimeshaulizwa swali hilohilo na watu wengine wawili waliorudi kutoka ughaibuni. Wote walikuja na jibu mkononi, wakitaka tu wakili wa kuliandika.

Kwa asiyeijua, taimshea ni nyumba moja inayogawanywa kwa majuma, kila juma likiuzwa kwa mtu wake. Siku hizi wengi huuziwa pointi, au haki ya kutumia kwa miaka kadhaa ikaisha. Mama na mumewe waliuziwa umiliki kamili mwaka 2007, ule unaosajiliwa kama ardhi na usio na tarehe ya mwisho. Walialikwa kifungua kinywa, wakaahidiwa tiketi za watoto za bustani ya michezo, wakakalishwa saa nne mbele ya muuzaji mmoja baada ya mwingine, wakatoka na mkataba wa dola 14,500. Sheria ya Florida humpa mnunuzi siku 10 za kubadili mawazo na kurudishiwa fedha yake. Wao walilijua hilo mwezi wa tatu baada ya kusaini.

Kwa kuwa hati zinazosajiliwa kule ni kumbukumbu ya umma, niliifungua kwenye tovuti ya Orange County, kaunti ambamo Orlando imo, nikiwa mezani kwangu, naye amekaa pembeni. Ukurasa wa kwanza, mstari wa tano, yalikuwepo majina yao mawili, yakifuatiwa na maneno "mume na mke". Nilimwomba asogee ayaone. Maneno hayo ndiyo yaliyomsaidia baba alipofariki mwaka 2019. Huko Florida, wanandoa wakinunua pamoja na hati ikawataja hivyo, mmoja akifa mwenzake anabaki na mali yote bila kwenda mahakamani. Kilichobaki ni kusajili cheti cha kifo, ili kumbukumbu ionyeshe kwamba aliyebaki ni mmoja. Jambo hilo halikuwa limefanyika kwa miaka mitano, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo mama alikuwa na ushahidi wa nyumbani kwake mwenyewe kwamba jina likiwa kwenye hati, mtu anaokoka. Na alikuwa na ushahidi mwingine mkubwa kuliko huo.

Dada yake alikuwa na nyumba Tabata. Hati ilikuwa na jina la mume peke yake, ingawa tofali walinunua wote wawili. Mume alipofariki, kabla ya arobaini, ndugu zake walikwisha kukaa kikao, wakachagua msimamizi wa mirathi wanayemtaka, na wapangaji wa vyumba vya nyuma wakaambiwa kodi wapeleke kwingine. Dada alihangaika na kesi miaka sita. Mama alikuwa Houston akituma fedha za wakili, akisikiliza simu za usiku. Aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya na kiwanja chake cha Mbezi ni kuwaingiza watoto. Alilipia uthamini, akalipa ushuru wa stempu, akapanga foleni ya ofisi ya ardhi na picha zao za pasipoti, akapata hati yenye majina manne. Hakukosea hata kidogo. Kwa kiwanja cha Mbezi, mimi mwenyewe ningemshauri hivyohivyo.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ombi lake lilitokana na pale. Watu wa Dar tumejifunza kwa machozi kwamba asiye kwenye hati hana chake. Tunaandika jina la mtoto kama tunavyomfunika shuka. Ila kwa taimshea nilikuwa nina wasiwasi kwamba shuka hilo ni mzigo, na nilitaka tuhesabu kabla hajasaini chochote.

Nikamuuliza analipa kiasi gani kwa mwaka. Alitoa risiti zote. Ni mtu wa kutunza karatasi. Ada ya matunzo ya mwaka 2008 ilikuwa dola 540. Ya mwaka 2024 ilikuwa dola 1,310, ambayo kwa bei ya dola wakati ule ilikaribia shilingi milioni 3 na nusu. Hapo ni sawa na kupanda kwa asilimia 5.7 kila mwaka kwa miaka 16. Tukaendeleza kasi hiyohiyo kwa miaka 20 mingine kwenye kikokotoo: ada ya mwaka wa mwisho ilifika karibu dola 4,000, na jumla ya miaka yote 20 ilipita dola 49,000. Hapo hatujaweka tozo maalumu, ile inayokuja paa likibomolewa na kimbunga au lifti zikihitaji kubadilishwa, ambayo wamiliki hugawana.

Kisha tukatazama upande wa pili, thamani. Wiki nyingi za namna ile hutangazwa kwa dola chache, nyingine kwa dola moja, na hazipati mtu. Mama alinyamaza kidogo. Akaniambia baba watoto aliwahi kumwambia, "hii ndiyo nyumba yetu ya Marekani, watoto wataikuta."

Kiwanja cha Mbezi kina pango la ardhi la mwaka, na kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye umeme. Vyote kwa pamoja ni vidogo mno ukilinganisha na thamani ya ardhi inayoongezeka. Mtoto aliyeandikwa kwenye hati ile amepewa mali. Mtoto aliyeandikwa kwenye hati ya Orlando amepewa ankara isiyokoma, pamoja na haki ya kukaa juma moja mahali ambapo hawezi kufika bila viza. Ombi la viza ya matembezi pekee lilikuwa dola 185 kwa mtu mmoja, hairudishwi ukinyimwa, na kuwa na jina kwenye hati hakumfungulii mtu mlango wa ubalozi.

Sasa sheria. Mimi si wakili wa Florida, na nilimwambia hivyo mapema. Tulimtafuta wakili wa kule kwa mazungumzo ya saa moja, tukalipa, na haya ndiyo yaliyotuhusu.

Kuingiza watoto ni rahisi, na urahisi wenyewe ni mtego. Inaandikwa hati mpya ya kuachia haki, kutoka kwa mama kwenda kwa mama na watoto. Anasaini mbele ya mashahidi wawili na notari, yaani ofisa anayethibitisha saini. Inasajiliwa kwa dola 10 ukurasa wa kwanza na dola 8.50 kila ukurasa unaofuata. Ushuru wa stempu, kwa zawadi isiyo na deni la mkopo, unaweza kuwa senti 70 tu. Kodi ya zawadi ya Marekani isingemgusa: alikwisha kurudisha kadi ya ukaazi na si raia wa kule, na ingawa mali isiyohamishika iliyoko Marekani huhesabiwa hata kwa mgeni, mwaka 2024 kila mpokeaji alikuwa na msamaha wa dola 18,000. Wiki yake haikaribii hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya jambo hili kwa gharama ndogo kuliko mlo wa familia hapo Masaki, akadhani amemaliza.

Sheria ya taimshea ya Florida, Sura ya 721, inasema mmiliki anawajibika yeye binafsi kwa ada zote zinazoiva akiwa mmiliki, kwa njia yoyote ile aliyoipata wiki hiyo. Inaongeza kwamba anayepokea anashikwa pamoja na aliyempa kwa ada zilizokuwa zinadaiwa hadi siku ya kuhamisha. Haijali kama ulinunua au ulipewa na mama. Binti yake aliyebaki Houston, mwenye mshahara, benki na mkopo wa nyumba kulekule, ndiye wa kwanza ambaye wakusanya madeni wangemtafuta. Kijana mwenye duka la vipuri Shaurimoyo na dada yake mwalimu wa Mbeya wasingeguswa kwa urahisi, na ndiyo maana mzigo wote ungemwangukia mmoja. Mama aliposikia hili aliweka miwani mezani. "Kwa hiyo wadogo wakishindwa, anadaiwa yule." Nikamjibu ndiyo, Mama, na bila wao kuwa na nia mbaya.

Kisha lipo suala la saini, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote na watu hulifikiria mwisho. Siku mnayotaka kuuza au kuirudisha kwa wenye hoteli, kila jina lililo kwenye hati lazima lisaini, mbele ya notari, na mashahidi. Majina manne, Dar, Mbeya na Houston. Mmoja akikataa, akiumwa, akigombana na wenzake, akifariki, mmekwama, na ada haingoji. Na kama hati haikuandika wazi kwamba anayebaki anarithi sehemu ya aliyekufa, Florida inahesabu kuwa kila mmoja ana hisa yake. Hisa ya marehemu inakwenda kwa warithi wake, yaani wajukuu, pengine watoto wadogo ambao hawawezi kusaini. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatenganisha umiliki wa pamoja na umiliki wa hisa, kwa hiyo tofauti hii si ngeni kwa mtu wa Dar. Ugeni ni kwamba wajukuu wa Mbezi watakuwa wanagawana kitu chenye thamani, na wa Orlando watagawana deni.

Hapa mama aliuliza swali lililokuwa bora kuliko yote tuliyouliza mawakili wawili. "Nikifa bila kuwaandika, si litawaangukia tu?"

Haliwaangukii hivyohivyo. Mali ikibaki kwa jina lake, inaingia kwenye mirathi, na kwa kuwa ni ardhi ya Florida, ingehitaji mirathi ya ziada kulekule mahakamani, jambo ambalo kwa wiki moja ya taimshea halilipi gharama zake. Lakini mrithi ana kitu ambacho mmiliki mwenza hana: anaweza kukataa. Anaandika kwamba haipokei. Kwa madhumuni ya kodi ya Marekani anafanya hivyo ndani ya miezi 9 tangu kifo, na sharti awe hajaitumia wala kufaidi chochote kutokana nayo. Aliyekwisha kusaini au kukubali kuandikwa wakati mzazi yu hai hana mlango huo. Mama aliyedhani anawafungulia watoto njia angekuwa ameifunga ile moja waliyokuwa nayo.

Tuligusa wosia pia, kwa sababu alikuwa anaandaa wa kwake auhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo anayetunza pia wosia. Huku kwetu sheria ya kimila inautambua hata wosia wa mdomo ukiwa na mashahidi wa kutosha. Florida haiutambui wosia wa mdomo, wala ule ulioandikwa kwa mkono bila mashahidi, hata kama ni halali ulikoandikwa. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa kwanza kitandani "ile ya Orlando ni yako" kusingekuwa na maana yoyote kule.

Wakati huohuo simu yake ilikuwa inalia ujumbe. Akanionyesha. Mtu asiyemjua alidai ana mnunuzi tayari wa wiki yake kwa dola 18,000, ila atume kwanza dola 900 za "kufungua faili". Jumbe za aina hiyo alikuwa amepokea tatu mwaka ule, na mojawapo aliijibu. Nilimsihi asitume hata senti. Mnunuzi halisi hakuombi fedha ya mbele ili akununulie, na walaghai wanapata majina kwenye rejista ileile niliyoifungua mimi bila kulipia.

Kabla ya kuamua, nilimwomba anieleze tena anachotaka hasa, tuiache hati pembeni. Alifikiri. Akasema anataka binti wa Houston aweze kwenda na watoto wake, kama walivyokuwa wakienda wao. Basi. Kwa hilo, hati haihusiki. Mwenye wiki hupiga simu hotelini, akamwombea mgeni cheti cha kuingilia, kwa ada ndogo au bure kutegemea na hoteli, na jina la mgeni likawekwa mapokezi. Miaka yote aliyodhani binti hawezi kwenda bila jina lake kuandikwa, angeweza kwenda.

Tulimpigia saa kumi jioni, kwake saa mbili asubuhi. Mama aliweka spika.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Niko kwa wakili. Ile wiki ya Orlando, ulikuwa unaitaka?"

Kimya kilikuwa kirefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha binti akasema kwa upole kwamba wiki ya 31 inaangukia mwanzo wa Agosti, na huo ndio mwezi hospitali yao haitoi likizo. Wanawe hawajafika Orlando tangu babu afariki. Alikuwa anaona mama analipa, anaogopa kusema, maana alijua ilikuwa ya baba. "Mama, mimi nilifikiri wewe ndiye unayeitaka."

Mama alikuwa akilipa kwa ajili ya binti, na binti alikuwa akinyamaza kwa ajili ya mama. Kwa miaka mitano. Nilitoka nje kidogo kuwaacha waongee.

Kilichofanyika baada ya hapo kilikuwa cha karatasi. Kwanza tulipata nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kifo cha baba kutoka RITA, wakili wa Florida akaisajili, kumbukumbu ikabaki na jina moja. Hilo lilipaswa kutangulia lolote. Bila hilo hata kurudisha kusingewezekana. Mwezi Mei mama aliandika kuomba kuirudisha wiki kwa kampuni. Hakuna sheria inayoilazimisha kampuni kupokea, na si kila moja inapokea. Hii ilikuwa na utaratibu wake: pasiwe na mkopo, ada iwe imelipwa, wamiliki wote wasaini. Mkopo aliumaliza mwaka 2014. Ada ya mwaka 2024 alikuwa amekwisha kulipa Januari. Na wamiliki wote walikuwa yeye mmoja. Angekuja kwangu mwaka mmoja baadaye, hati ikiwa na majina manne, tungekuwa tunatafuta saini Mbeya.

Waliitikia mwezi Agosti, wakadai dola 300 za kuandaa hati. Ilipofika, tuliweka miadi ubalozi wa Marekani, Msasani, kwa huduma ya notari, dola 50 kwa muhuri. Maofisa wa ubalozi hawawi mashahidi wako, lazima uje nao. Mama alikuja na jirani yake wa Mbezi na mke wa kijana wake, kila mmoja na kitambulisho. Nilikuwa nimemwonya asisaini nyumbani. Ni kosa la kawaida, mtu anataka kuwahi, halafu karatasi nzima inakataliwa. Alisaini pale dirishani, polepole, jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya mwaka 2007, pamoja na herufi moja ya jina la kati ambayo huku Dar haitumii tena.

Hati ilisajiliwa Orange County mwezi Oktoba. Nilimwita aje aione kwenye kompyuta, akaja na rasimu ya wosia wake aliyokuwa ameichapisha kwenye duka moja la steshenari la Mwenge. Kipengele cha nne kilisema wiki ya Orlando igawanywe sawa kwa watoto watatu. Aliazima kalamu yangu, akaikata mistari miwili kwa mkato mmoja, akaweka saini ndogo pembeni, akaniuliza kama itabidi achapishe upya. Nikamwambia ndiyo, ni vizuri achapishe upya. Kipengele cha tatu, cha kiwanja cha Mbezi, kimebaki kama kilivyo.